Siku 47 kwenye wodi ya watoto njiti: natoa nyota nne, na ile moja niliyobakiza naieleza

Kuna wamama kama sita hivi wameshanifuata inboksi wananiuliza ile wodi ya njiti niliyokaa na binti yangu ikoje, wanahudumiaje, ni kweli mashine hazitoshi, ni kweli manesi wanachagua mtoto wa kumpa. Nimekuwa nawajibu mmoja mmoja kwa voisi ndefu afu katikati nalia, sasa nimeona niandike yote mara moja, atakayehitaji asome. Hospitali siitaji jina. Ni ya rufaa, ipo Dar, inatosha. Siitaji kwa sababu kuna kosa nitalisema humu na sitaki limwangukie nesi mmoja ambaye usiku ule yeye na mwenzake walikuwa na watoto karibu arobaini, wengine wawili wawili kwenye kitanda kimoja cha joto.

Mimi nilipata presha ya mimba, wiki ya 29, uso umevimba, macho yanaona nyota nyota. Zahanati wakanipa rufaa nikapelekwa usiku. Huduma ya kwanza naipa nyota tano bila kusita: walinichoma ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, dozi nne, kila baada ya masaa 12, na sista alinieleza kwanini ananichoma kabla hajanichoma. Kama mimba haijafika muda wake na wanasema utazaa mapema, iulizie hiyo sindano, usione aibu, inafanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi utakazoziona baadae.

Afu akaja dokta wa watoto kabla sijajifungua. Kijana tu, amechoka macho mekundu. Akavuta stuli akakaa, hakusimama juu yangu kama wengine. Akasema, "Mama, mtoto wa wiki 29 hapa kwetu tunatoka nao wengi, ila sio wote, siwezi kukuahidi." Kisha akauliza kitu ambacho sikuwahi kufikiria kama mtu anaweza kuulizwa: mtoto akizaliwa hapumui, tunajaribu, lakini tukijaribu na moyo haurudi, mngependa niwaite mumshike au mngependa msione. Mume wangu akasema dokta we fanya uwezavyo. Mimi sikujibu, nilimgeuzia mgongo nikaangalia ukuta. Leo namshukuru sana kwa lile swali, siku ile nilimchukia.

Nikaja kujua baadae kwamba hizo wiki ndo kila kitu. Kwetu kwa muda mrefu wiki 28 ndo imehesabiwa kama mpaka, chini ya hapo mimba imeharibika, juu yake ni mtoto amezaliwa. Japani wanahangaika nao kuanzia wiki 22, jamani wiki 22! Sasa mwanangu aliupita mpaka kwa wiki moja. Na hizo wiki zenyewe zinahesabiwaje? Mimi nilikuwa na ultrasaundi ya mapema. Jirani yangu wa kitanda cha pili, nitamsema sana humu, yeye hakuwahi kupima, alienda kwa kukumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho na alikuwa hana uhakika, kama ilikuwa kabla ya Idi au baada. Kwa hesabu moja mwanae alikuwa wiki 28, kwa hesabu nyingine 26. Yani mtoto kuhesabiwa huku au kule kunategemea mama anakumbuka nini akiwa na uchungu. Hili hakuna mtu alikuwa ananiambia kliniki, kwamba kile kipimo cha mwanzo kinaweza kuja kumtetea mtoto hata kabla hajazaliwa.

Binti alizaliwa gramu 1,050. Alilia kama paka mdogo, mara moja. Wakamkimbiza.

Wodi yenyewe. Joto kama tanuri, unaoga jasho ndani ya dakika tano. Unanawa mpaka viwiko, unavua saa na pete, unavaa ndala za pale pale. Watoto hawana majina, wana plasta kifuani imeandikwa Baby wa fulani, jina lako wewe mama, tarehe, gramu. Kila masaa matatu mnaingia chumba cha kukamua, viti vya plastiki vimepangwa ukutani, kila mtu na kikombe chake, hamtazamani. Mara ya kwanza nilikamua nikapata matone ya kujaza kifuniko cha dawa nikaona aibu, sista akanionyesha siringi akasema, "Mwanao anakula mil mbili tu, umeleta pilau la harusi." Nilicheka kwa mara ya kwanza. Wale manesi jamani. Nyota tano, sita, saba.

Mashine inayozungumzwa sana pale ni sipapu. Sio ile mashine kubwa inayompumulia mtu, hapana, hii inasukuma hewa puani ili mapafu yasifungane, kwa sababu mapafu ya njiti yanakosa ule utelezi unaoyafanya yafunguke, kila akitoa pumzi yanasinyaa kama puto. Mrija mmoja unazamishwa kwenye chupa ya maji, unasikia bwabwabwa mchana kutwa, na ukiona povu linatokota ujue iko sawa, likitulia piga kelele. Daktari mmoja San Francisco ndo aliitangaza mbinu hiyo kwa watoto mwaka 1971. Miaka minane kabla yake, 1963, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, Patrick, alizaliwa na kilo 2 na kidogo, wiki kama 34, akaishi masaa 39 akafa kwa mapafu hayo hayo. Mtoto wa rais. Mtoto wa ukubwa ule pale wodini kwetu ndo tulikuwa tunamwita bonge, mama yake tunamuonea wivu.

Sasa ile nyota moja.

Wodi ilikuwa na sipapu tano, moja mbovu. Binti yangu alikuwa kwenye moja tangu azaliwe. Siku ya nne nimeingia saa tisa alfajiri na kikombe changu cha maziwa namkuta hana. Ana mirija tu ya oksijeni puani, na pale puani pana alama nyekundu ya plasta iliyobanduliwa. Ile chupa yake inatokota kitanda cha tatu kutoka kwake, kwa mtoto aliyeingia usiku ule. Hakuna aliyeniambia, si kabla, si baada, nimejiona mwenyewe. Nilipiga kelele wodi nzima ikaamka, maziwa yakamwagika. Sista akasema, "Mama tulia, tunampa anayehitaji zaidi," akaondoka kwa sababu kengele ya mtoto mwingine ilikuwa inalia. Usiku uliofuata binti alisahau kupumua mara tatu. Njiti ndo walivyo, ubongo haujajifunza bado, anasahau tu, nesi anamgusa unyayo kwa kidole anakumbuka. Mara tatu nilimuona anageuka rangi ya udongo. Kila mara nilikuwa naangalia ile chupa kule kitanda cha tatu, na nilikuwa namchukia mtoto wa mtu, mtoto mchanga asiyejua lolote, nilimchukia kwa roho yangu yote. Kuna yeyote aliyewahi kufika hapo atanielewa.

Asubuhi nilimngoja yule dokta mlangoni. Hakunikimbia. Tukakaa benchi la wanaosubiri maziwa akaniambia walivyoamua: wanaangalia kifua kinavuta kwa nguvu kiasi gani, oksijeni anahitaji ngapi, ana siku ngapi. Binti alikuwa anakaribia kuachishwa, yule mgeni bila mashine asingefika asubuhi. Nikamuuliza, mngekuwa na mashine kumi mngemtoa? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ningemuacha siku mbili zaidi." Kisha akasema, "Kumtoa kwa hesabu ya usiku ule halikuwa kosa. Kutokukwambia ndo kosa, na ni langu."

Nimelifikiria hilo jibu miaka sasa. Kuna wanaosema wangefuata foleni, aliyetangulia kuwekwa asiguswe. Mimi mwenyewe siku ile ningesema hivyo, kwa sababu mwanangu ndo alitangulia. Lakini foleni ina maana yule wa kitanda cha tatu afe huku wangu anamalizia tu, na mama yake yuko nje kwenye korido na damu ya uzazi haijakauka. Sikubali foleni. Nakubali waangalie nani mashine itamvusha. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka kesho, ni uamuzi kufanyika juu ya kichwa changu kana kwamba mtoto ni mali ya wodi. Niamshe. Hata kama jibu ni lile lile niamshe, nije nimshike mguu wakati mnambandua.

Na nisiwe mchoyo wa kusema haki: pesa na ukubwa havikuingia mle ndani. Nilishuhudia baba mmoja amekuja na suti yake anapiga simu kwa mtu, anampa simu sista mkuu aongee na mheshimiwa. Sista mkuu hakuipokea. Akamwambia, "Kaka yangu, hapa hatuangalii simu, tunaangalia kifua." Pesa inaingia mlango mwingine lakini. Dawa ya kuwakumbusha kupumua, kafeini, siku zingine hakuna, unaandikiwa ukanunue nje. Ile dawa ya kuweka utelezi kwenye mapafu ndo usiseme, dozi moja inameza mshahara wa mwezi wa mtu wa kawaida, kwa hiyo dokta anabaki na swali jingine gumu, amwambie mama kwamba dawa ipo wakati anajua hawezi kuinunua, au anyamaze? Yule wetu alikuwa anasema. Nilisikia mwenzake akimlaumu kwamba anawatesa watu bure. Mimi niko upande wa kusema, watu wauze redio, wachangishe kwenye grupu la ukoo, wajue wenyewe wameshindwa au wameweza.

Nirudi kwa jirani yangu. Mwanae wa kiume, gramu 870. Siku ya saba alianza kukakamaa, wakampima kichwa kwa ultrasaundi pale utosini, damu imevuja ndani ya ubongo, pande zote mbili, nyingi. Yeye mama alikuwa bado amelazwa ghorofa ya juu, kapasuliwa, kidonda kimeingia usaha. Basi wakaja ndugu wa mume, baba mkubwa ndo msemaji, wanasema dokta muacheni mtoto apumzike, mama yake tutamwambia baadae akipata nguvu. Walisema kwa upendo, sio ukatili, kwetu ndo tunavyofanya, mzazi haambiwi msiba ghafla. Dokta akakataa. Akasema hakuna kitu kitafanyika mpaka mama ashuke. Kelele zikawa nyingi pale korido, nikasikia baba mkubwa anamwambia we kijana huna adabu. Jioni wakamshusha kwenye kigari, dripu inaning'inia, wakafunga pazia.

Usiku ule ule binti yangu, siku ya kumi na moja, homa ya maambukizi ikampiga chini. Kifua kinaingia ndani mpaka unahesabu mbavu. Sipapu zote nne zina watoto. Wakampa hewa kwa mkono, nesi anabonyeza ile puto, wanapokezana, na mimi niko ukutani nimeng'ata khanga. Saa kumi kasoro usiku ikaja mashine. Sikuuliza imetoka wapi. Nilijua, ilikuwa imetoka nyuma ya pazia.

Asubuhi jirani akaja chumba cha kukamua. Hana cha kukamua kwa ajili ya mtu tena, maziwa yamejaa, kifua kimekuwa jiwe. Alikuja na mfuko, pampasi ndogo zile za njiti ambazo ni shida kupata, kofia mbili za sufi na khanga moja, akaniwekea magotini. Nikashindwa kumtazama. Yeye ndo akaongea. Akasema dokta alimweleza na akamchorea kwenye karatasi, kichwa cha mtoto na damu ilipo. Alimwambia mashine haimsaidii tena, inamcheleweshea tu. Akamuuliza mwenyewe, sio baba mkubwa, mwenyewe, anataka muda gani. Aliomba wangoje mume wake afike amwadhinie mtoto sikioni na ampe jina. Wakangoja. Kisha wakambandua, wakampa amlaze kifuani, akakaa nae mpaka akatulia. Mwanae alikufa akiwa na jina, plasta ya Baby wa fulani aliitoa kwa mkono wake.

Nikamuuliza, walikwambia kuna mtoto anaingoja? Akasema hapana, na alikuwa hajui mpaka alipotoka nje ya pazia akaona wanafuta mrija wanaenda kwangu. Baadae nilimuuliza dokta kwanini hakumwambia. Alisema hayo ni maswali mawili na hayatakiwi kukutana. La kwanza, mashine inamsaidia huyu? La pili, nani anafuata? Ukiyachanganya, mama anaanza kumuaga wake kwa ajili ya wa mwenzie, na hakuna mama anatakiwa kubebeshwa hilo. Nikamkumbusha binti yangu siku ya nne, mbona yeye maswali yalichanganywa? Akasema ndio. Hakujitetea. Uhaba unayachanganya hata kama hutaki, alisema, na ndo maana yeye analala vibaya.

Kangaruu sasa, maana wengi mnauliza. Baada ya wiki tatu nikahamia chumba cha kangaruu, unafungiwa mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kofia, soksi, pampasi basi, unalala nae umeegemea mto usiku na mchana. Mama mkwe alipokuja akasema wamekosa inkubeta ndo wanawafunga wamama kama mizigo. Kwa historia hajakosea, njia hii ilianzia Bogotá kule Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ina inkubeta chache na watoto wanaambukizana, daktari Edgar Rey akaamua joto la mama litumike. Lakini sio huduma ya maskini hata kidogo. Utafiti uliotoka 2021 ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania, watoto wa kilo 1 mpaka pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mapema mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12, waliosubiri kwanza watulie asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa ya wazi kiasi kwamba waliusimamisha utafiti kabla ya muda, haikuwa haki tena kumnyima mtoto mwingine kifua. Ndo lalamiko langu la pili kwa wodi: nilianza kangaruu baada ya wiki tatu wakati ningeweza kuanza mapema, na sababu ni kwamba hapakuwa na kiti cha kunikalisha pembeni ya kitanda chake. Kiti! Huo uamuzi hakuna aliyeukalia kikao.

Macho walimpima wiki ya nne, hilo msiliruke. Oksijeni ikizidi inaharibu mishipa nyuma ya jicho la njiti. Miaka ya 1940 mpaka mwanzoni mwa 1950 huko Ulaya na Marekani maelfu ya watoto walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi kwa nia njema kabisa, Stevie Wonder ni mmoja wa njiti wa enzi hizo, alizaliwa 1950. Kwa hiyo ukiona nesi anapunguza oksijeni usimgombeze kama nilivyofanya mimi.

Mengine haraka haraka. Baba wanaruhusiwa dakika chache tu kwa siku, hii waibadilishe, mume wangu alimshika mwanae mara ya kwanza siku ya 26. Habari mbaya zinatolewa kwenye korido karibu na sinki la kunawia, watu wanapita, hakuna hata chumba cha kukaa ukalia. Kulala ni shida kama hujalazwa mwenyewe. Kliniki ya kurudi ni nzuri, wanampima kichwa, macho, masikio, anavyokaa. Na kwa walioajiriwa, likizo: wakati wangu siku 84 zilihesabiwa tangu alipozaliwa, 47 zikaishia wodini, nikarudi kazini mtoto bado kilo mbili na nusu. Sasa hivi ni afadhali, sheria za kazi zilirekebishwa 2025, mama wa njiti anaongezewa muda mpaka mtoto afikishe zile wiki 40 alizotakiwa kuzaliwa. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti wa gramu 900, amelipigania hilo kwa miaka, na nikimuona popote nitamkumbatia.

Kwa hiyo nyota nne. Ukiuliza kama nitarudi pale, Mungu apishie mbali, ila ikibidi ndio. Ukifika, siku ya kwanza kabisa mwambie dokta hivi: uamuzi wowote wa mwanangu mniamshe, saa yoyote. Mwambie aandike kwenye faili. Mimi baada ya siku ya nne niliomba, wakaandika, na waliniamsha mara mbili.

Jirani yangu tunaongea bado. Khanga yake ninayo, kofia moja binti anaivalisha mdoli. Juzi kanipigia, ana mimba, wiki ya 22, safari hii kapima mapema tarehe anazijua. Anaulizia yule dokta kama bado yupo zamu za usiku au wameshamhamisha.